Sifuri ya Jinja

Mwezi Mei mwaka 2020, dunia ikiwa imejifungia ndani kwa hofu ya korona, Ziwa Victoria lilitoka kwenye kingo zake. Mialo ya wavuvi ikafunikwa, gati zikazama, na watu wa mwambao wa Uganda, Kenya na Tanzania wakabeba magodoro vichwani kwenda kutafuta pakavu. Ndipo ikatangazwa kwamba maji yamefika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, na kwamba rekodi ya Mei 1964, iliyokuwa mita 13.41, imevunjwa. Ukitoa moja kwenye nyingine, msikilizaji, inabaki sentimita moja. Upana wa ukucha. Ziwa lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, limepimwa mara mbili kwa kupishana miaka 56, na watu tofauti, na bado tukaambiwa kwamba tofauti ya upana wa ukucha imeonekana. Leo nataka tuulize swali ambalo halikuulizwa sana wakati ule: tulijuaje?

Siwashuku waliopima, na ziwa lilijaa kweli. Waliofurikiwa hawakuhitaji kuambiwa na mtu. Hoja yangu ni hii. Kipimo kimoja, kiwe cha ubao, cha setilaiti au cha rada, hutuambia kidogo sana kikiwa peke yake. Tunapata maarifa pale vipimo vya vyombo mbalimbali vinapokutanishwa, na haviwezi kukutanishwa kama kila kimoja hakikuandikiwa ni cha wapi, cha saa ngapi, cha chombo gani, na kimehesabiwa kuanzia wapi. Kazi hiyo ya kuviandikia vipimo na kuvipanga ili vipatikane na vilinganishwe, yaani kuviwekea faharasa, ndiyo tunayoidharau. Fedha zikipatikana tunanunua vyombo vipya, tunakata utepe, tunapiga picha. Mimi nasema fedha ya kwanza iende kwenye daftari.

Tuanze na hiyo namba ya Jinja. Kwenye taarifa za habari husikika kwamba kina cha Ziwa Victoria kimefika mita 13. Neno kina hapo linapotosha, maana penye kina kirefu kabisa ziwa hili lina mita zipatazo 80. Mita 13.42 ni urefu wa kwenda juu kutoka alama ya sifuri ya ubao uliosimamishwa Jinja, karibu na pale Nile inapotokea ziwani, na sifuri hiyo yenyewe iko takriban mita 1,123 juu ya usawa wa bahari. Ziwani hakuna kitu chochote ambacho kwa asili yake ni sifuri. Ni alama waliyokubaliana watu tu. Usipoijua alama hiyo iko wapi, 13.42 inabaki tarakimu tu. Boti ikiugonga ubao, ukarudishwa sentimita 5 chini ya pale ulipokuwa, kesho yake daftari litasema ziwa limepanda sentimita 5, ilhali halikuongezeka hata tone.

Na ubao wenyewe ni chombo cha kawaida kabisa: bamba refu lililochorwa mistari na tarakimu, limesimama majini. Msomaji husimama ukingoni, hulitazama wimbi likipanda na kushuka, hukadiria katikati yake, huandika. Siku ya upepo makadirio hayo si kazi ndogo. Upepo ukivuma kutoka kusini kwa muda mrefu husukuma maji kuelekea kaskazini, na ubao wa Jinja, ulioko kaskazini, husoma juu wakati ubao wa Mwanza, ulioko kusini, unasoma chini. Ziwa zima halijaongezeka wala kupungua; limeinama tu, kama maji kwenye sinia lililobebwa na mtu anayetembea. Kwa hiyo ubao mmoja husema kweli juu ya kona yake, na ukiulizwa habari za ziwa zima unaweza kukosea ingawa msomaji wake ni mwaminifu.

Tangu mwaka 1992 ziwa limepata jicho la pili. Mwezi Agosti mwaka huo Marekani na Ufaransa zilirusha setilaiti ya TOPEX/Poseidon, zikafuata Jason-1, Jason-2, Jason-3, na mwaka 2020 Sentinel-6. Setilaiti hizi, zikiwa zaidi ya kilomita 1,300 juu yetu, hutuma mpigo wa rada kuelekea chini na kungoja mwangwi wake. Muda wa kwenda na kurudi hutoa umbali, na umbali ukitolewa kwenye kimo cha setilaiti yenyewe, unabaki usawa wa maji. Jicho hili halidanganywi na wimbi moja, maana hupita juu ya mstari mrefu wa maji na kuchukua wastani. Lakini nalo lina kasoro zake. Hurudi kwenye mstari uleule baada ya siku kama 10, kwa hiyo halioni yaliyotokea katikati. Mpigo wake hucheleweshwa na mvuke uliomo hewani, na ucheleweshaji huo lazima urekebishwe kwa hesabu. Tena halihesabu kuanzia sifuri ya Jinja. Huhesabu kuanzia umbo la dunia lililokadiriwa na wanasayansi.

Sasa hapa tuna mashahidi wawili wenye udhaifu tofauti, na udhaifu kuwa tofauti ni jambo la heri. Tuseme siku moja ubao unasoma mita 12.40, na kosa lake la kawaida ni sentimita 2. Setilaiti, baada ya kuletwa kwenye sifuri moja na ubao, inasoma 12.45, na kosa lake la kawaida ni sentimita 4. Mtu mwenye haraka atajumlisha na kugawa kwa mbili. Hesabu iliyo sahihi humpa kila shahidi uzito kwa kadiri ya uthabiti wake: kosa huzidishwa kwa lenyewe, na kadiri jibu linavyokuwa kubwa ndivyo uzito unavyokuwa mdogo. Mbili mara mbili ni 4, nne mara nne ni 16, kwa hiyo ubao unapewa uzito mara nne ya ule wa setilaiti, na usawa wa ziwa unakuwa 12.41. Linalonivutia zaidi ni kwamba kosa la jibu hilo hushuka hadi sentimita 1.8 hivi, dogo kuliko kosa la ubao ukiwa peke yake. Shahidi dhaifu, akipewa nafasi inayomstahili, amemwongezea nguvu aliye hodari. Mwaka 1960 Rudolf Kalman, mhandisi mzaliwa wa Hungaria, alichapisha njia ya kuifanya hesabu ya namna hii hatua kwa hatua kadiri vipimo vinavyoingia, na njia hiyo ilitumika kuongoza vyombo vya Apollo vilivyopeleka watu mwezini. Hesabu, basi, ipo, na umri wake ni zaidi ya miaka 60. Hapo hatujakwama.

Tumekwama kwenye maneno niliyoyapitisha haraka: baada ya kuletwa kwenye sifuri moja. Mwaka 2003 Ujerumani na Uswisi zilikuwa zikijenga daraja juu ya mto Rhine mjini Laufenburg, kila nchi ikianzia upande wake. Ujerumani hupima vimo vyake kuanzia usawa wa bahari wa Amsterdam, Uswisi kuanzia Mediterania huko Marseille. Wahandisi walijua kwamba sifuri hizo mbili zinapishana kwa sentimita 27, na wakafanya marekebisho. Waliyafanya upande usiostahili, na nusu mbili za daraja zikapishana kwa sentimita 54. Hizo ni nchi mbili tajiri, zenye vyombo vya kisasa na mto mmoja mwembamba kati yao. Sisi tuna ziwa la nchi tatu, na mbao zilizosimamishwa kwa nyakati tofauti Jinja, Entebbe, Kisumu na Mwanza. Anayetaka kuzisoma pamoja lazima kwanza aonyeshwe, kwa maandishi, sifuri ya kila ubao inasimama wapi ikilinganishwa na za wenzake.

Saa nazo zina sifuri yake, na sisi wasemaji wa Kiswahili tuna sababu ya ziada ya kuwa waangalifu. Kipima mvua kwenye vituo vyetu vya hali ya hewa husomwa saa tatu asubuhi, ambayo kwa saa ya kimataifa ni saa 06:00. Msomaji akiandika 3:00 bila kuongeza neno asubuhi, kompyuta itaelewa saa tisa usiku, na mvua itakuwa imehamishwa saa sita. Hilo hugundulika kwa urahisi. Gumu zaidi ni tarehe. Chukua dhoruba ya alfajiri, ya saa kumi na moja, tarehe 14 Aprili. Na dhoruba za usiku na alfajiri ndizo tabia ya ziwa hili, maana usiku nchi kavu hupoa, upepo hutoka pande zote kuelekea majini, hukutana katikati na kupanda juu. Mvua hiyo itasomwa saa tatu asubuhi tarehe 14. Kuna utaratibu wa kuiandika tarehe 14, siku iliyosomwa, na kuna utaratibu wa kuiandika tarehe 13, siku kipimo kilipoanza kukusanya. Siku ya setilaiti, kwa upande wake, huanza saa sita usiku ya kimataifa, ambayo kwetu ni saa tisa usiku, kwa hiyo yenyewe itaiweka mvua hiyo tarehe 14. Mtafiti akizikutanisha data hizi bila kujua utaratibu uliofuatwa, ataona kipima mvua kimepata maji siku ambayo setilaiti haikuona wingu, na kesho yake setilaiti imeona wingu zito na kipima mvua ni kikavu. Atahitimisha kwamba chombo kimoja ni kibovu. Vyombo vyote viwili vilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni mstari mmoja wa maelezo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sijui methali inayoifaa elimu ya vihisi kuliko hiyo. Kila kipimo kinahitaji kufuatwa na maelezo yake popote kinapokwenda: mahali kilipochukuliwa kwa latitudo, longitudo na kimo, wakati, na ni saa ya wapi, kizio, kama ni milimita au inchi, chombo kilichotumika na siku kilipohakikiwa, na kosa lake la kawaida. Wanaoijua elimu ya Hadithi za Mtume hawatalishangaa jambo hili. Wanazuoni wake hawakupokea kauli kwa kuwa ni nzuri. Waliuliza isnadi, nani kaipokea kwa nani, na je, hao wawili waliwahi kukutana, na kumbukumbu ya kila mmoja ilikuwaje. Kauli isiyo na isnadi iliwekwa kando hata kama yaliyomo yanapendeza. Tarakimu inayotoka kwenye chombo nayo ni kauli iliyopokewa, kutoka kwa maji kwenda kwa ubao, kwa jicho la msomaji, kwa daftari, kwa karani aliyeiingiza kwenye kompyuta, na katika kila kiungo cha mnyororo huo kuna nafasi ya kosa kuingia.

Faharasa za kimataifa zipo, na zimesaidia. Shirika la Hali ya Hewa Duniani huvipa vituo namba: Mwanza ni 63756, Kisumu 63708, Entebbe 63705. Kwa namba hizo mtu aliye Tokyo anaweza kutafuta joto la Kisumu la jana akalipata. Lakini namba hutambulisha kituo tu, na kituo huishi kuliko vyombo vyake. Kipimajoto hubadilishwa, kituo huhamishwa kutoka mjini kwenda uwanja wa ndege, mti uliopandwa karibu na kipima mvua hukua na kukikinga. Namba inabaki ileile, na data zinabaki kwenye safu ileile kana kwamba hakuna kilichotokea. Ndiyo maana faharasa inayofaa huandika maisha ya chombo, siku kilipofika, siku kilipoguswa na siku kilipoondolewa, pamoja na namba ya kituo.

Gharama ya kukosa haya si ya kinadharia. Kati ya mwaka 2003 na 2006 Ziwa Victoria lilishuka kwa zaidi ya mita moja, na ukazuka ubishi mkali: ni ukame, au ni mabwawa ya umeme ya Jinja yaliyoachia maji mengi kupita kiasi? Bwawa la kwanza hapo, la Owen Falls, lilifunguliwa mwaka 1954 kwa masharti kwamba maji yatakayoachiwa yafuate kanuni iliyoafikiwa, ili Nile itoke kama ilivyokuwa ikitoka kabla ya ujenzi: ziwa likiwa juu, maji mengi, likiwa chini, machache. Kiasi cha kuachiwa kinategemea, basi, namba inayosomwa kwenye ubao wa Jinja. Ubao huo umekuwa na uzito wa kisiasa tangu zamani. Maafikiano ya mwaka 1949 kati ya Uingereza na Misri yaliruhusu mhandisi wa Misri akae Jinja kuangalia. Mwezi Februari 2006 mhandisi wa haidrolojia Daniel Kull alitoa hesabu iliyosema kwamba ukame ulichangia chini kidogo ya nusu ya mshuko wa miaka ya 2004 na 2005, na maji yaliyoachiwa kupita kanuni yalichangia zaidi kidogo ya nusu. Unaweza kuupinga mgawanyo huo. Lakini kuupinga kwa haki kunahitaji vitu vilevile vilivyotumika kuujenga: mvua, mvuke uliopotea hewani, maji yaliyopita kwenye mitambo, na usawa wa ziwa, vyote kwa tarehe zinazolingana na kwa sifuri zinazojulikana. Hakuna kihisi hata kimoja duniani kinachoweza kulijibu swali hilo peke yake. Nchi isiyoweza kukutanisha vipimo vyake itabaki kubishana kwa sauti.

Najua kuna watakaosema kwamba natilia mkazo makaratasi wakati tatizo letu ni uchache wa vyombo. Uchache upo, na sitaupunguza kwa maneno. Asilimia 80 hivi ya maji yanayoingia Ziwa Victoria ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na huko katikati ya maji, ukiacha visiwa, hakuna mahali pa kusimamisha kipima mvua. Rada ya Mwanza imesaidia kuona dhoruba zinazowatishia wavuvi. Mpango wa TAHMO, ulioanzishwa na wanasayansi wa Uholanzi na Marekani, umesambaza barani Afrika vituo vidogo, vingi vikiwa kwenye viwanja vya shule, visivyo na sehemu zinazotembea ambazo nyigu na majani huziziba. Navipenda vyombo hivyo. Ila chombo kipya huzaliwa bila historia. Kisiposomwa bega kwa bega na kile cha zamani kwa muda wa kutosha, hatutajua kama mabadiliko tunayoyaona ni ya hali ya hewa au ya chombo. Kumuaga msomaji wa zamani siku ileile mtambo mpya unapowashwa ni kukata uzi wa miaka mingi kwa mkasi mmoja. Chombo kipya kinaihitaji faharasa kuliko hata cha zamani.

Wengine watasema setilaiti inatosha, inaona kote na haichoki. Tuitazame data ya mvua iitwayo CHIRPS, inayotengenezwa Chuo Kikuu cha California cha Santa Barbara na kutumiwa sana Afrika kutahadharisha juu ya ukame na njaa. Inaanzia mwaka 1981 na inaigawa nchi katika vipande vya kilomita tano na nusu hivi kila upande. Setilaiti zake haziioni mvua yenyewe. Huona joto la vilele vya mawingu, na kwa kuhesabu wingu limekaa na ubaridi kwa muda gani hukadiriwa mvua iliyonyesha chini. Makadirio hayo hurekebishwa kwa vipima mvua vya ardhini, na penye vipima mvua vichache marekebisho ni hafifu. Rwanda imeonyesha pande zote mbili za jambo hili. Mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 yalinyamazisha vituo vyake vingi vya hali ya hewa kwa karibu miaka 15, na kwa kuwa mto Kagera, mkubwa kuliko yote inayomwaga maji Ziwa Victoria, hupokea maji ya Rwanda na Burundi, pengo hilo lilikuwa pengo la ziwa pia. Baadaye idara ya hali ya hewa ya Rwanda, ikishirikiana na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Columbia, ilikutanisha data za setilaiti na za vituo, na pengo likajazwa kwa makadirio yanayotumika. Waliweza kwa sababu daftari za kabla ya 1994 zilikuwepo, na vituo vya baada ya pengo vikasomwa. Setilaiti ilifundishwa na vipimo vya pande mbili za kimya kile. Zingekosekana daftari, setilaiti ingekuwa inakisia.

Siku hizi kuna tumaini jingine, kwamba akili bandia itaupanga mchafuko wenyewe. Inaweza mengi. Ikipewa miaka 50 ya vipimo itaonyesha kwamba mwaka fulani safu iliruka ghafla sentimita 5. Haiwezi kusema kama ziwa liliruka au ubao ulishushwa, maana jibu hilo halimo kwenye tarakimu. Limo kwenye kumbukumbu ya fundi aliyekwenda na nyundo, na kama hakuiandika, limekwenda naye. Mashine ikilazimishwa kuchagua itachagua linalofanana na mengi iliyoyaona, na mara nyingine itaifuta gharika ya kweli kwa kudhani ni kosa.

Hapo ndipo ilipo pingamizi ninayoiheshimu kuliko zote: kwamba kuchanganya huficha. Kipima mvua kimoja kijijini kikipata milimita 150 kwa usiku mmoja, na majirani zake na setilaiti wakisema 40, hesabu ya uzito itamzidi kura yule mmoja, na huenda yule mmoja ndiye aliyekuwa chini ya wingu lililovunja daraja. Ni kweli, hutokea. Kuna na jambo la hatari zaidi. Hesabu niliyoieleza huchukulia kwamba mashahidi hawakukaa pamoja. Setilaiti mbili zinazotumia marekebisho yaleyale ya mvuke, au zilizosawazishwa zote kwa ubao wa Jinja, zitakosea kwa pamoja, na mapatano yao yatatupa imani isiyostahili. Mashahidi wawili waliofundishwa na mtu mmoja ni shahidi mmoja. Jibu langu kwa yote mawili ni lilelile: vipimo ghafi visifutwe kamwe. Mchanganyiko uhifadhiwe kama mchanganyiko, ukiwa na orodha ya vilivyouunda, ili yeyote arudi nyuma amkute yule wa milimita 150 akiwa na jina lake, mahali pake na saa yake. Anayechanganya bila faharasa huficha. Anayechanganya nayo huacha mlango wazi. Na ni faharasa hiyohiyo itakayotuambia kwamba setilaiti mbili zilisawazishwa kwa ubao mmoja.

Liko pia neno la mamlaka ya nchi, hasa penye maji ya Nile. Data ni mali ya taifa, huambiwa, na si vyema kuzianika. Naielewa hofu hiyo, na siombi kila kitu kianikwe. Lakini usawa wa Ziwa Victoria si siri tena. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich huuchapisha kwenye hifadhidata yake iitwayo DAHITI, na Wizara ya Kilimo ya Marekani nayo huuchapisha, yeyote akasoma bure. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 kwenye jarida la Earth System Dynamics uliunganisha vipimo vya zamani vya Jinja na vya setilaiti, ukapata kwamba mafuriko ya 2020 yangekuwa chini kwa sentimita kama 7 lau dunia isingepashwa joto na binadamu. Sentimita 7 hizo zina maana kwa mtu anayedai fidia ya tabianchi mbele ya mataifa yanayochafua hewa, na haziwezi kusimama kama sifuri ya Jinja haijulikani. Tukizificha sifuri zetu, wageni wataendelea kulisoma ziwa, nasi tutakosa nguvu ya kuwasahihisha.

Nirudi kwenye ile sentimita moja. Kwa maoni yangu, kusema kwamba mwaka 2020 ziwa lilifikia usawa wa 1964 ni sahihi kabisa; kusema kwamba liliupita kwa sentimita moja ni kuubebesha ubao mmoja mzigo usiouweza. Ubishi wa namna hiyo unaweza kuepukwa mara ijayo kwa kazi ambayo gharama yake ni ndogo mno mbele ya bei ya mtambo wowote mpya. Naiomba Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, yenye makao yake Kisumu, pamoja na wizara za maji za nchi tatu, zichapishe ukurasa mmoja kwa kila ubao unaosoma ziwa hili: ulipo, kimo cha sifuri yake, siku ilipohakikiwa mara ya mwisho, kila mara ulipoguswa na sababu yake, na saa unayosomwa. Ukurasa huo uwe kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na usahihishwe kila mwaka. Nanyi wasikilizaji, mtakapotangaziwa tena kwamba ziwa limefika mita kadhaa, pigeni simu redioni muulize: kutoka sifuri ipi, na ilihakikiwa lini?